Miaka Yangu na Watu wa Mabati

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye kuanzia siku ile hana tena haja ya kuwahi popote. Nimeitundika jikoni. Mkaniomba pia niandike machache kuhusu kazi yetu, kwa ajili yenu mnaobaki na wale watakaokuja, na mimi nikawajibu kwamba kazi yenyewe imekwisha. Mnayoifanya nyinyi ni kazi nyingine iliyorithi jina. Nilisema kwa kisirani, kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vipya na vinanibana. Sasa nimekaa miguu mitupu, chai ya tangawizi ipo karibu, kwa hivyo nitaandika.

Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi. Nitaanza na ngazi za ofisi yetu ya zamani, mtaa wa Hamriya hapa Maskati, ambazo nyinyi mnaopanda lifti ya ofisi mpya hamkuzijua. Zilikuwa za saruji, nyembamba, zikipita ubavuni mwa duka la vitambaa, na kila asubuhi ilibidi nimpishe mchukuzi mwenye majora begani. Baba yangu alinisindikiza siku ya kwanza. Hakupenda binti yake afanye kazi ya sinema, lakini mwenye kampuni alikuwa amemhakikishia kwamba mimi nitakaa na kalamu tu, nikiandika tafsiri ya Kiarabu ya kuwekwa chini ya picha. Mwenye kampuni huyo tulimwita arbab, kama wafanyakazi wa Ghuba wote wanavyomwita bosi. Kiswahili hakujua hata neno, jambo lililotupa sisi wengine nafasi ya kupumua.

Aliyenipokea juu alikuwa Mzee Nassor. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kunukia gundi, na alikuwa ameonyesha sinema Unguja miaka mingi kabla hajaja Maskati. Hakunikaribisha wala hakuniuliza cheti.

"Unajua kusuka nywele?" akaniuliza.

"Naam."

"Basi utajua kuunga mkanda. Vidole vile vile."

Akanipa glavu nyeupe za pamba na kipande cha filamu kilichokatika. Nilikiunga kombo. Akakikata, akanipa tena. Mpaka adhuhuri nilikuwa sijashika kalamu, na nilimwambia baba kwamba nilikuwa nimeandika mchana kutwa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na nitavitaja maana baadhi yenu mmeviona vimewekwa mapokezi kama vyombo vya makumbusho, na mtu mmoja ameshaweka ua la plastiki juu ya kimojawapo. Kulikuwa na meza ya kukagulia, yenye vigurudumu viwili vya kuzungusha kwa mkono, mkanda ukipita katikati juu ya kioo kidogo chenye taa kwa chini. Ukizungusha mpini sawasawa, picha inatembea. Ukizubaa, inazubaa nawe. Kulikuwa na mashine ya kuungia, ndogo kama stepla, brashi laini ya kupangusia vumbi, na kioo cha kukuzia ambacho Mzee Nassor alikivaa shingoni na hakumwazima mtu. Mkanda uliozungushwa kwenye kigurudumu chake tuliuita rili, na filamu moja ilikuwa na rili tano au sita, kila moja ndani ya mkebe wake wa bati.

Arbab alinunua filamu kwa mafungu, kama mtu anayenunua ndizi asizozichambua. Nyingi zilikuwa filamu za majasusi kutoka Italia, Uhispania na Ujerumani, zilizotengenezwa haraka na watu ambao ni dhahiri waliombwa warudishe chumba kabla ya magharibi. Jasusi alikuwa mwenye suti nzuri na uso usioonyesha anafikiri nini. Adui alikuwa profesa aliyejificha chini ya ardhi au chini ya bahari, akiwa na mtambo wa kuigandisha dunia, au kuikausha, au kumgeuza kila mtu kuwa mtumwa kwa kumpigia filimbi. Mitambo hiyo ilikuwa na taa nyingi za kuwakawaka, na ukitazama kwa makini unaona ni taa za mti wa sikukuu. Roboti alikuwa na magoti ya bomba la bafuni. Setilaiti iliyotishia miji mikubwa ya ulimwengu ilining'inia kwenye uzi, na uzi tuliuona.

Na kila profesa alikuwa na walinzi. Walivaa nguo zilizopakwa rangi ya fedha, ile ya kupaka mapaa, na kofia za pikipiki zilizofunika uso wote. Mzee Nassor aliwaita watu wa mabati, na aliwapenda kuliko shujaa. "Hawa ndio wanaofanya kazi," alikuwa akiniambia. "Wanabeba, wanakimbia, wanapigwa. Yule mwingine anatembea tu na kuwasha sigareti."

Kazi yangu ya tafsiri ilikuwa rahisi upande mmoja. Mdomo wa mwigizaji ulisema Kitaliano, sauti ikasema Kiingereza, na vyote viwili havikukutana, kwa hivyo sikuwa na hofu kwamba Kiarabu changu kingekuja kuharibu maelewano. Ugumu ulikuwa kwenye rili zilizopotea. Filamu ilifika na rili ya kwanza, ya pili na ya tano. Arbab alishaahidi wenye sinema, na hakuna wa kumwandikia barua, maana walioiuza walikuwa wamefunga ofisi na kuhama. Hapo Mzee Nassor aliingia stoo, akafungua mikebe ya filamu nyingine, akatafuta rili yenye pango, watu wa mabati na suti ya kufanana. Wale watengenezaji walikuwa wakipiga filamu mbili au tatu kwa vifaa vile vile, kwa hivyo kila mara alipata. Aliiunga katikati, kisha akanigeukia. "Bi Rayya, wapatanishe."

Basi nikiwapatanisha. Kuna jasusi mmoja aliingia lifti mjini Roma akiwa na nywele za rangi ya shaba na akatoka akiwa na masharubu na nywele nyeusi, kwa sababu alikuwa mtu mwingine kutoka filamu nyingine. Nikamwandikia chini: "Nimebadili sura ili wasinitambue." Miaka mingi baadaye, katika karamu ya harusi kule Bustan, mume wa mwenzangu mmoja alinisimulia filamu hiyo mwanzo mpaka mwisho bila kujua nani alihusika, na alichokisifu zaidi ya yote ni akili ya yule jasusi kubadili sura ndani ya lifti. Nilikula pilau yangu kimya. Nilifurahi mno. Ziko hadithi ambazo watu wa Maskati wanazijua na huko Ulaya hazijawahi kuwepo, na sehemu yangu humo sitaikana.

Zikaja kanda za video, zikaja sahani za DVD, ikaja televisheni ya angani, na kila kilipokuja kitu kipya tulihamishia humo watu wale wale wa mabati. Mzee Nassor aliacha kazi macho yalipomsaliti. Siku ya mwisho alivua kile kioo cha shingoni, akaniwekea mezani, akashuka ngazi kwa kushika ukuta. Alifariki mwaka uliofuata. Nililia ofisini, mbele za watu, na sikujali, maana yule mzee ndiye aliyenifanya nikawa mtu wa kazi na siyo binti wa fulani mwenye mwandiko mzuri. Kioo hicho ninacho mpaka sasa na sina nia ya kukipeleka mapokezi.

Baadaye alikuja Amur, na wengi wenu mnaosoma haya ni watu wake. Wakati huo arbab alikuwa ameshamwachia mwanawe kampuni, na mwana akapata mnunuzi huko Ulaya aliyezitaka filamu zetu ziwekwe kwenye mtandao, safi, zisizo na mikwaruzo. Inasemekana siku hizi watu wa huko wanazipenda, hasa pale uzi unapoonekana. Amur alileta skana, mashine ya kupiga picha ya kila kipande cha mkanda na kukigeuza faili, na programu ya kuondoa madoa, mitikisiko na viungo vibovu. Mimi nilikaa naye nikimwambia rili ipi ni ya filamu ipi, maana Mzee Nassor alikuwa ameyachanganya mambo na mimi nilikuwa msaidizi wake. Amur ni fundi kweli. Nasema hivi mapema ili msije mkanifahamu vibaya kwa ninayoyasema sasa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilialikwa khitma mtaa wa Bawshar. Baada ya dua wanawake tulibaki kuzungumza, na mimi, kama kawaida yangu nikipewa kahawa na wasikilizaji, nikaanza kuwasimulia watu wa mabati. Walicheka. Mmoja tu hakucheka, Bi Zuena, mwanamke anayenizidi umri kidogo, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tukiamkiana tu.

"Hao watu wako," akaniuliza, "walikuwa na kofia za pikipiki?"

"Naam."

"Babangu alikuwa mmoja wao."

Tukahamia pembeni, akanieleza. Walipotoka Unguja baada ya Mapinduzi wazazi wake walikaa Mombasa, na baba akawa anafanya kibarua bandarini. Siku moja Wazungu wenye kamera walikuja kutafuta wanaume wenye vifua, wakamchukua na kumvisha kofia ya pikipiki. Jioni alirudi na unga kwenye nyusi, akamwambia mkewe, "Leo wameniua mara tatu na chai hawakunipa." Bi Zuena alikuwa mtoto mdogo, hilo alihadithiwa na mama yake. Haukupita muda baba akaenda Unguja kumchukua mama yake mzazi, akasema atarudi, na hakuonekana tena. Hakuna aliyemwona ameshikwa, hakuna aliyemwona amekufa.

"Mama hakukaa eda," Bi Zuena aliniambia. "Tumekuja Maskati, nimeolewa, nimezaa, hakukaa eda mpaka amekufa yeye. Akisema, nitamkaliaje eda mtu alokwenda kumchukua mamake? Na picha zote zilibaki Unguja ndani ya kasha. Mie nnakumbuka mgongo wake tu, alikuwa akinibeba. Uso siujui, Bi Rayya. Nazeeka na uso wa babangu siujui."

Sikumwahidi kitu, lakini filamu niliijua pale pale. Profesa wa filamu hiyo anaishi chini ya bahari, na katika ngome yake ya chini ya bahari kuna mlango wa mbao wenye nakshi na misumari ya shaba, mlango wa nyumba ya Mombasa kabisa. Mimi na Mzee Nassor tulikuwa tukiucheka.

Asubuhi nilimwendea Amur. "Ile yenye mlango wa nakshi."

"Hiyo khalas, Khala. Nishaisafisha." Khala ni mama mdogo kwa Kiarabu, ndivyo anavyoniita.

Akaniwekea. Watu wa mabati wanakimbia, shujaa anawarushia meza, na mmoja wao anavua kofia, pengine kwa joto, na kugeuka. Shujaa anamnyooshea kalamu yake ya miale ya mauti. Mwanga mweupe, vumbi, na pale alipokuwa amesimama hapana mtu. Uso ulionekana kwa muda wa kupepesa jicho. Mwanamke amengoja maisha yake yote amwone baba yake, na mimi nitamwonyesha akitoweka.

Kisha nikakumbuka. Ujanja ule wa kutowesha watu ni rahisi: kamera inasimamishwa, wote wanaganda walivyo, anayetakiwa kufa anaondoka, unga unapulizwa, kamera inaendelea. Baadaye mkataji anaondoa pale katikati. Lakini mkataji wa filamu hii alikuwa mvivu au alikuwa na njaa, na aliacha kipande ambacho hakikutakiwa kuonekana. Watazamaji sinemani walikuwa wakikizomea. Mzee Nassor, ambaye alikata makosa mengine yote ya Wazungu bila huruma, kipande hicho alikataa kukigusa. "Mtu kamaliza kazi yake," alisema, "mwache aende kwake."

"Hapa palikuwa na kipande cha mtu anayetoka," nikamwambia Amur. "Kimekwenda wapi?"

"Nimekiondoa. Si kosa?"

"Na faili la mwanzo, kabla ya kusafisha?"

Alinitazama, akafahamu kwamba jambo ni kubwa ingawa hakujua ni lipi. Faili za mwanzo alikuwa akizifuta ili kupata nafasi. Rili zenyewe zilikuwa zimeshashushwa nyuma ya jengo, zikingoja gari la taka la baladia. Nilimweleza habari ya Bi Zuena tukiwa tunashuka. Nilikuwa nimekasirika, lakini siku hiyo lifti ilikuwa mbovu na ngazi za ofisi mpya ni ndefu, na nilipofika chini nilikuwa nimekumbuka kwamba kijana aliambiwa asafishe na akasafisha.

"Khala, wallahi sikujua," akasema.

"Ungejuaje? Fungua mikebe."

Filamu ya zamani ikioza inanuka siki, na uwanja mzima wa nyuma ulinuka achari. Rili yetu tuliipata. Mkanda ulikuwa umesinyaa na kukunjamana kama ngozi ya embe lililokauka, na skana haikuukubali. Meno yake hayakukutana na matundu ya pembeni mwa mkanda. Amur alijaribu mara moja tu, akasikia mlio wa kuchanika, akaondoa mkono haraka. Kwa hivyo tukatoa ua la plastiki, tukaibeba ile meza ya kukagulia kutoka mapokezi, nikabadilisha taa. Kutwa nzima tulikuwa tukiunyoosha mkanda ule, yeye akipangusa kwa brashi na mimi nikiunga palipokatika. Ana vidole vizuri. Sikumuuliza kama anajua kusuka nywele.

Nilimpigia simu Bi Zuena na kumwambia kweli. "Nimempata mmoja anayevua kofia. Sijui kama ndiye. Lakini anapigwa na miale na anatoweka, na baada yake kuna kipande kingine. Mkanda ni mbovu, labda utapita mara chache tu. Ukitaka, nitasimama kabla hajapigwa."

"Kutoweka kwake nimekaa nako umri wangu wote," akasema. "Usikate kitu."

Alikuja akishikwa mkono na Neema, msichana wa Tanga anayemsaidia nyumbani. Tukamketisha mbele ya kioo, Neema akasimama nyuma ya kiti, na Amur akaweka simu yake juu ya kijiti ili ichukue kila kitakachopita. Nikavaa glavu, nikaanza kuzungusha.

Watu wa mabati walikimbia mbele yetu, wadogo kama kidole gumba.

"Mama, ni yupi sasa?" Neema aliuliza. "Wote sufuria."

"Ngoja," Bi Zuena alimwambia.

Mmoja akavua kofia, akageuka. Nikasimamisha mkono. Bi Zuena alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shela, akaivaa tena, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nilisikia lori likirudi nyuma huko barabarani.

"Masikio ya Salim wangu," akasema mwisho. Salim ni mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye mvi. Kisha akasema, polepole, kama anayemsema mtoto wa jirani: "Lakini mbona mdogo hivi? Maskini. Kijana kabisa huyu. Mie nna mtoto mkubwa kuliko yeye."

Neema alimshika bega.

"Endelea, Bi Rayya."

"Sasa ndipo anapo..."

"Najua. Endelea."

Nikazungusha. Shujaa akanyoosha kalamu. Mwanga ukajaa kioo, vumbi likatanda, na baba yake Bi Zuena hakuwepo. Nilitaka kuharakisha, lakini nikauzuia mkono wangu uende sawasawa, maana mkanda ukivutwa unakatika. Kisha, kando ya vumbi, akatokea. Kofia iko kwapani. Anajipangusa unga kichwani, anamcheka mtu tusiyemwona, kiatu kimoja kimelegea na anakiburura. Akaenda mpaka kwenye ule mlango wa nakshi, akausukuma kwa bega, na nje, hapo ambapo panatakiwa kuwa chini ya bahari, kulikuwa na jua kali la mchana na ukuta wa chokaa na mbuzi amesimama. Akatoka kwa miguu yake, mlango ukajifunga.

Machozi yalikuwa yakinitoka na sikuweza kuyafuta kwa sababu ya glavu. Bi Zuena hakulia. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Kumbe alitoka," akasema.

Halafu akaniomba nirudishe, amwone tena. Kurudisha ni kuzungusha mpini upande wa pili, na kioo kinafuata tu mkono: mlango ukafunguka, jua likaingia, na yule kijana akarudi ndani kinyumenyume, akapita kwenye vumbi, mpaka akasimama pale pale mbele yetu na kofia mkononi, ametugeukia.

"Mwache hapo hapo," Bi Zuena akaniambia, huku akitafuta simu mkobani. "Nampigia Salim aje amwone babu yake."